Siku Niliyofua Kamba za Wazee wa Vita

Ninyi mnaopita chumbani kwangu hapa Xiaobei kuniaga mnauliza jambo lile lile. Mnaona makabati matupu, masanduku yamefungwa, zulia limekunjwa, halafu mnaona msumari mmoja ukutani na kipande cha kamba nyeupe kinaning'inia, mnasema, "Bi Saada, hii nayo umeisahau?" Sijaisahau. Hiyo itakuwa ya mwisho kuingia mkobani. Na kwa kuwa nikianza kuwasimulia kwa mdomo mnashika simu zenu, nimeona niandike. Mtasoma mkiwa kwenye foleni.

Mimi ni mtu wa jinzi. Nilitoka Temeke nikiwa tayari mama wa watoto watatu, na tangu nifike Guangzhou kazi yangu imekuwa kununua suruali Xintang na kuzipakia kwenye kontena. Wengine wenu nimewafundisha mwenyewe. Shika kitambaa kwa vidole kabla hujakitazama kwa macho. Vuta zipu mara kumi. Uliza kama kitambaa kimeshafuliwa, maana pamba ikikutana na maji mara ya kwanza inarudi nyuma, na mteja wa Kariakoo akinunua saizi thelathini na mbili leo, kesho akishaifua inamfaa mwanawe. Na laoban, yaani mwenye duka, akikwambia meiyou, kwamba hana, usinune wala usiondoke. Omba maji ya moto, ukae unywe. Mtu akishakupa maji hakufukuzi haraka, na meiyou nyingi nimeziona zikigeuka kuwa mzigo kabla kikombe hakijaisha.

Hayo mnayajua. Kazi ninayotaka kuwaeleza niliifanya pembeni, kwenye nafasi iliyokuwa ikibaki nyuma ya kontena. Nilikuwa nanunua miguu.

Msicheke bado. Katika wilaya alikozaliwa mama yangu kuna mfuko wa kuwatunza wazee waliopigana vita vya Kagera, hasa wale waliorudi wamepungukiwa kiungo. Wanapewa posho kidogo na vifaa: magongo, viti vya magurudumu, miguu ya bandia. Zamani ilitosha mzee kuandika barua ya maombi, aeleze aliumia wapi na vipi, na mkubwa wake wa kikosi atie sahihi. Barua hizo nimezisoma nyingi, nakala zilikuwa zinanifikia pamoja na orodha ya vifaa vya kununua. Mmoja aliandika kurasa nne kuhusu sufuria aliyoipoteza Uganda na mstari mmoja kuhusu mkono wake. Basi wakubwa wa vikosi wakafa, sahihi zikawa za majirani, ikafika mahali majina ya marehemu yanaendelea kupewa vitu huku walio hai wanaambiwa nafasi zimejaa. Kamati ikaweka siku ya kuitwa majina. Mara moja kwa mwaka, kwenye uwanja wa ofisi, kila mzee afike mwenyewe na aitike kwa mdomo wake. Asiyefika miaka miwili mfululizo, na si mgonjwa, jina linafutwa. Ni sheria ngumu, lakini mimi siilaumu. Ukishaona marehemu amesaini kupokea gongo, nawe ungeiweka.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni ndugu yangu Hamza, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni fundi wa viungo bandia katika karakana ya wilaya hiyo. Ni mtu mpole, haongei haraka, na ukimwambia kitu anasema "sawa, dada" hata kama hakubaliani nawe. Hilo mliweke akilini.

Kwanza alinituma viti vya magurudumu. Nikanunua vizuri, vya kung'aa, vya kwenye picha za hospitali, vyenye magurudumu madogo mbele kama ya toroli la dukani. Vikafika, wazee wakapiga picha navyo, na asubuhi yake vyote vilikuwa vimekwama kwenye mchanga mbele ya milango yao. Mzee mmoja alikitumia kiti chake kufugia kuku. Mwaka uliofuata sikununua kiti bila kukijaribu. Palikuwa na jengo linajengwa karibu na barabara, lina lundo la mchanga, nami nilikuwa naomba sampuli dukani, naisukuma mpaka pale, nakaa mwenyewe, halafu namwomba mwenye duka anisukume. Mlinzi wa jengo alinizoea. Akiniona nakuja na kiti anasogeza koni zake. Kuna maduka mawili nilifukuzwa, ila duka la tatu walikuwa na magurudumu mapana, na hivyo viti viko barabarani mpaka leo.

Baada ya viti ndipo tukafika kwenye miguu.

Mguu wa bandia si kitu kimoja, kama nilivyodhani. Juu kuna kikombe kinachokalia kigutu, na hicho anakitengeneza fundi huko huko nyumbani kwa plasta, kila mtu na chake. Katikati kuna bomba, nalo linakatwa kwa urefu. Chini kuna unyayo wa mpira wenye vidole vilivyochorwa, unafungwa kwa boliti moja kubwa. Unyayo ndio ulikuwa wangu. Unauzwa kwa sentimita, na unauzwa wa kushoto na wa kulia.

Sasa mimi ni mtu wa jinzi, nimewaambia. Kwenye jinzi tunaagiza kwa mgawanyo: ndogo chache, za kati nyingi, kubwa chache, maana mjini watu ndivyo walivyo. Nami nikaagiza nyayo hivyo hivyo. Ndogo chache, za kati nyingi, kubwa chache, nusu kushoto, nusu kulia, dazeni kwa dazeni. Nilijiona hodari. Hamza alipofungua maboksi akakuta ana lundo la nyayo za kushoto zisizo na wenyewe, na mabenchi ya karakana yamejaa wazee waliokatwa kulia.

Safari iliyofuata nilikwenda kwa mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha ghorofa ya pili, Laoban Luo, ambaye baba yake alikuwa akichonga nyayo za mbao kabla ya mpira kuja. Nikamweleza kisa changu kwa simu ya kutafsiri. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika jibu lake, simu ikanisomea.

"Suruali isipomfaa mtu anaikunja. Mguu haukunjwi. Usiniletee dazeni, niletee watu."

Nikamletea watu, maana yake namba. Hamza akatuma orodha: fulani, kulia, sentimita kadhaa. Nazo zikaja kombo. Karani aliyezunguka vijijini kupima alikuwa anatumia utepe wa fundi cherehani uliokatika sentimita mbili za mwanzo, na hakuna aliyegundua mpaka nyayo zilipofika zote zimezidi. Ni Luo aliyenipa dawa. Baba yake, alisema, hakuamini namba ya mtu mwingine. Alikuwa akitaka kamba. Chukua kamba, ilaze kwenye mguu mzima uliobaki, toka kisigino mpaka kidole gumba, piga fundo huku na fundo kule, tuma kamba. Kamba haisomwi vibaya.

Kwa hiyo wanangu, ndivyo tulivyofanya kazi, mimi na Hamza na Luo, katika mji huu ambao roboti wanapeleka chakula hotelini. Kila mwaka msafiri mmoja wa Dar alikuwa akinijia na mfuko wa kamba za pamba, kila moja ina mafundo mawili na kijitambaa kimeandikwa jina na upande. Luo anazinyoosha mezani juu ya rula ya chuma, moja moja, anasoma, mimi naandika. Hatukukosea tena hata unyayo mmoja.

Mpaka mwaka wa Koplo Chitanda.

Koplo Chitanda simjui kwa sura isipokuwa kwenye simu. Nilimjua kwanza kwa maneno ya Hamza. Alikuwa kijana mdogo alipokanyaga bomu la ardhini, likaondoka na mguu wa kulia chini ya goti. Buti alilokuwa amevaa liliondoka nao. Lakini kambini, kwenye sanduku lake, kulikuwa na jozi nyingine, buti za gwaride, na alipopona akarudishiwa. Akaenda nazo kwao. La kushoto alilivaa sikukuu hata sikukuu, likabadilishwa soli mara sijui ngapi. La kulia hakulivaa, maana alikuwa anatembelea mguu wa mti wenye kipira chini, na kipira hakivai kiatu. Ila alilipiga kiwi kila Jumapili, zaidi ya miaka arobaini, buti ambalo halijakanyaga popote.

Na mtu huyu alikuwa hataki kwenda kuitwa jina. Walipomfuata kijijini kwake aliwajibu kwamba yeye alipangwa mstari akiwa na buti mbili, na siku atakayoitika jina lake mbele ya watu ataitika na mbili. Wakamwambia utafutwa. Akasema nifuteni. Mwaka wa kwanza hakwenda. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, shamba lilikuwa limemshinda, posho ile ndiyo iliyokuwa inampatia uji. Mwaka wa pili ulikuwa unakuja, Hamza akamfuata kwa miguu yake, akamwambia, "Mzee, nitakupatia unyayo unaovaa buti. Ukiuona utakuja?" Koplo akasema akiuona atakuja. Alikwenda karakana akapimwa kigutu kwa plasta, kikombe kikatengenezwa, bomba likakatwa. Kwenye kupima unyayo alikataa. Alisema kamba atapima mwenyewe. Akaileta siku iliyofuata, ina mafundo mawili yamekazwa kwelikweli, akasema ndicho kipimo, wasimsumbue.

Zilinifikia kamba kumi na sita mwaka huo. Na zilikuwa chafu. Sijui mfuko ule ulipitia wapi, lakini zilinuka ugoro, zilinuka mafuta ya taa, zilikuwa na rangi ya chai. Mimi sipendi uchafu, mnanijua, ninyi ambao nimewavua viatu mlangoni miaka yote hii. Niliona aibu kumwekea Luo vitu vile kwenye meza yake safi. Nikajaza beseni maji ya moto, nikatia sabuni ya unga, nikazifua. Nikazianika barazani. Zilipokauka nikaona zimejikunja, nikazipiga pasi. Vijitambaa vya majina nikavishona upya, kwa uzi mwekundu. Nilimaliza nikazitazama nikajipongeza.

Luo alizinyoosha kwenye rula yake. Akasema kitu, simu ikasoma, "Mwaka huu watu wako wana miguu midogo." Nikacheka. Nikamwambia wazee hupungua.

Nyayo zikafungwa, kila moja na jina lake, nikazichomeka katikati ya marobota ya jinzi ili zisigongane. Hiyo pia ni mbinu, iandikeni: kitu kigumu kisafirishe ndani ya kitu laini ambacho tayari unakilipia nafasi. Kuna mpakizi mmoja ghalani alifungua boksi akitafuta zipu, akakutana na vidole. Alilifunga taratibu sana, na tangu siku hiyo ananiita daktari. Kontena likaenda Nansha, likapandishwa melini, mimi nikashusha pumzi.

Siku chache baadaye nilikuwa Dengfeng, nakula mchana na Maman Béa, jirani yangu wa Lubumbashi ambaye naye ni mtu wa jinzi. Nilikuwa namsimulia watu wanavyoweza kuwa wachafu. Nikamweleza mfuko, ugoro, beseni, pasi. Nilitia chumvi kidogo ili acheke. Hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Maman Saada, ile kamba ni coton?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na maji ilikuwa ya moto?"

Nikamwambia ya moto sana.

"Ni wewe unakatalaka jinzi kule Xintang juu hazijafuliwa bado," alisema, "na umeenda kufua kipimo."

Chakula kilinishinda. Tulirudi chumbani kwangu tukiwa wawili. Kamba zile zilikuja zimefungwa pamoja kwa kipande kirefu cha kamba hiyo hiyo, na kipande hicho sikukifua, nilikuwa nimekitupa kwenye droo. Tukakata sentimita ishirini na sita, maji ya moto, sabuni, pasi, rula. Ikasoma ishirini na tano. Maman Béa aliipima tena, kwa wema wake, akitafuta milimita za kunipa. Hazikuwepo.

Wanangu, nimepoteza mzigo baharini, nimeuziwa jinzi za mguu mmoja mrefu, nimeachwa na ndege nikiwa na tiketi mkononi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Meli ilikuwa imeshaondoka. Mle ndani kulikuwa na nyayo za wazee kumi na sita, zimepungua kwa ajili ya usafi wangu, na mmoja wao alikuwa ameweka jina lake rehani juu ya unyayo huo.

Nilimpigia Hamza nikamweleza yote. Akaniuliza kwa upole kama pasi nayo nilitia. Nikasema nilitia. Akasema sawa, dada.

Tulijipanga. Hamza akawapima upya kumi na tano kwa rula ya chuma, akanisomea. Sita bahati yao, kupungua kulikuwa hakujavuka saizi. Tisa ilibidi wabadilishiwe. Aliyebaki ni Koplo. Mvua zilikuwa zimekata njia ya kwao, simu hana, na Hamza angemwona siku ile ile ya kuitwa majina, maana kikombe chake na bomba vilikuwa karakana na ahadi yao ilikuwa wakutane uwanjani. Kwa hiyo huyo nilimpigia hesabu mwenyewe kwa kile kipande tulichokifua. Kamba yake baada ya kufuliwa ilikuwa ishirini na tano kasoro kidogo. Kabla sijaiharibu ilikuwa ishirini na sita kasoro kidogo. Nikanunua ishirini na sita. Luo alinipa nyayo kumi bila kuniuliza maswali, na aliponifungia aliweka juu ya boksi sabuni kipande kimoja. Nadhani alikuwa ananitania. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja akakubali kuzibeba kwenye sanduku lake la nguo, miguu kumi katikati ya kanzu zake, Mungu amlipe.

Nikamwambia Hamza, na nilisema kwa ukali kwa sababu nilikuwa na hofu, "Zile ndogo za kwenye kontena zikifika ziweke kando. Zisionekane kabisa. Usije ukanichanganyia."

"Sawa, dada," alisema.

Siku yenyewe, kwao ilikuwa asubuhi, kwangu mchana. Niliketi kwenye kibanda cha Maman Béa, simu tumeiegemeza kwenye birika. Hamza alinipigia kwa video akaniweka dirishani pa ofisi, nione uwanja. Wazee wamekaa kwenye mabenchi, karani amesimama barazani na orodha, kamati imekaa nyuma yake. Koplo alikuja kwenye bodaboda, mtu mwembamba, ana ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, na gunia mapajani. Ndani ya gunia kulikuwa na zile buti. Nilipoliona lile la kulia nilielewa. Lilikuwa linang'aa kama limetoka stoo leo, na la kushoto kando yake lilikuwa limepasuka kama kiganja cha mkulima.

Hamza akamfunga kikombe, bomba, na unyayo wangu wa ishirini na sita. Karani akaanza kuita majina. Nilisikia mzee wa kwanza akiitika. Wa pili. Hamza akachukua buti, akalegeza kamba zake zote, akaingiza.

Haukuingia.

Akavisha unyayo mfuko wa nailoni, maana mpira kwa ngozi haviteleziani, na hiyo ni mbinu ya mafundi wote. Haukuingia. Akapaka sabuni. Vidole vilifika mbele, kisigino kikagoma nje. Majina yanaendelea. Koplo aliinamisha kichwa, akalichukua buti mikononi mwa Hamza, akalipangusa povu la sabuni kwa mkono wa shati lake.

"Dada, hauingii," Hamza aliniambia, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Nilijua nimepiga hesabu sawa. Nilijua unyayo ni sawa na kamba. Ndipo nikauliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza mtu, kwa sababu nilijiona ninajua jibu. Nilimwambia Hamza anisogeze karibu na mzee.

"Shikamoo, kaka Koplo. Ile kamba, uliipima wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Ndani ya buti, dada. Toka kisigino mpaka mwisho. Si ndilo linalovaliwa?"

Maman Béa alijishika mdomo. Kitu kinachojaa buti kutoka ukuta hadi ukuta hakiwezi kuingia humo, mtoto mdogo anajua. Mguu wa mtu una nafasi yake ya kupumua mbele, upana wa kidole. Upana wa kidole ule ule nilioufua kwenye beseni.

"Hamza," nikasema, "ule mdogo wake uko wapi?"

Alifuta povu mikononi.

"Uliniambia niuweke kando."

Barazani karani alikuwa amefika kwenye majina ya watu wa tarafa ya Koplo.

"Basi nimeuweka kando," alisema Hamza. "Kando ya begi. Mfuko wa nje."

Wanangu, nimekuwa mkubwa kwa Hamza tangu kuzaliwa kwake, na siku ile nilishukuru Mungu kwamba hajawahi kunisikiliza. Alifungua boliti, akatoa mkubwa, akatia mdogo, akavisha nailoni, akasukuma. Buti lilisema pufu, hewa ikatoka, kisigino kikakaa. Koplo alizifunga kamba mwenyewe. Alikataa kusaidiwa.

"Koplo Chitanda," karani aliita.

Hamza akataka kujibu kwa ajili yake. Mzee akamgusa bega, akasema aache. Na hapo hapo picha ikaganda. Mnajua mtandao wetu. Kwenye kioo kulibaki mgongo wa Koplo na mkono wa Hamza hewani, hausogei. Lakini sauti ilikuwa inakuja.

"Koplo Chitanda," karani aliita mara ya pili.

Nikasikia hatua. Mwanzoni kwenye mchanga, hazisikiki vizuri, halafu kwenye saruji ya baraza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia moja nzito na moja nyepesi, kama kila mtu wa mguu mmoja niliyewahi kumsikia. Zilikuwa sawa. Maman Béa alikuwa ananishika mkono, na hajui neno la jeshi hata moja, alikuwa anazihesabu kwa Kifaransa. Zikakoma.

"Koplo Chitanda. Nipo."

Karani akaita jina lililofuata.

Nililia pale kibandani mbele ya wateja wa Maman Béa, na mmoja wao akadhani nimekataliwa bei.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Nilifanya kazi ile mara mbili zaidi baada yake, na kila kamba iliyonifikia nilirudi kumwuliza Hamza: hii amepima nini? Mguu, kiatu, au anachokumbuka? Hilo ndilo ninalowaachia, kuliko zipu na maji ya moto. Mtu akikupa kipimo, mwulize amekilaza wapi. Na kamba msizifue. Sasa magoti yangu yamegoma ngazi za maghala, na kazi amekubali kuichukua binti mmoja wa Mbagala, mnamjua, ana jicho zuri na vyombo vyake ni vichafu kidogo. Nimeona hilo si baya.

Kamba ya ukutani ni ya Koplo. Nikifika nyumbani nitapumzika wiki moja, halafu nitampelekea, maana ni mali yake na mafundo ni yake. Hamza ananiambia nisichelewe kumpata, siku hizi hakai nyumbani. Anakwenda sokoni kwa miguu, anakwenda misibani, anakwenda kugombana na kamati kuhusu barua za wenzake. Jana kanitumia ujumbe mfupi, kama kawaida yake. Anasema Koplo ameshuka mjini asubuhi kwa fundi viatu na buti la kulia mkononi. Soli imekwisha.